Kipimo cha Saa Nne na Robo

"Alikuwa na mtu," mwanamke wa maabara alisema, akigusa skrini kwa ncha ya kalamu. "Hapa. Angalia mwenyewe."

Mpelelezi, mama wa makamo, aliinama. Alichokiona ni mstari wa kijani uliolala chini kabisa ya grafu, umetulia, kisha ghafla ukapanda wima, ukakaa huko juu kwa muda, ukashuka tena na kulala kama mwanzo.

"Huo ni mnara wa simu?"

"Mnara ni huo uliolala chini. Huu uliopanda ni simu ya mkononi. Mtu amepokea simu akiwa hatua moja kutoka kwenye kifaa."

"Simu yake mwenyewe?"

"Profesa?" Mwanamke alitabasamu bila furaha. Alikuwa amefanya kazi na marehemu miaka kumi na tisa, na tangu msiba alikuwa bado hajaligusa koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango. "Huyo alikuwa anaacha simu kwa bawabu, imezimwa, na betri kaitoa. Hata mimi alikuwa ananipekua kabla ya kupanda. Aliniambia, dada, simu moja mfukoni inapiga kelele kuliko mnara mzima."

Ilikuwa siku ya tisa tangu Profesa aanguke kutoka paa la jengo la ghorofa sita alikokuwa akipimia na kufia hapo hapo kwenye maegesho. Alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mjane, mtu wa kofia na viatu vilivyopigwa rangi. Halmashauri ilikuwa imempa wiki sita apime mionzi ya mnara wa simu uliosimama nyuma ya shule ya msingi, kisha aseme kama ndio uliowaumiza watoto. Watoto wanne wa mtaa mmoja walikuwa wamepata saratani ya damu ndani ya miaka mitatu. Kampuni yenye mnara ilitaka aandike kwamba ni salama. Kamati ya wakazi ilitaka aandike kwamba unaua. Profesa alikufa kabla ya kuandika lolote, na daftari lake, lililokutwa juu ya paa kando ya kifaa, lilikuwa limenyofolewa ukurasa wa mwisho.

Ukurasa huo ndio uliowatia watu wazimu. Ukuta wa shule ulikuwa umeandikwa kwa mkaa: NANI KAUIBA? Na kila aliyepita aliona jibu kichwani mwake, ofisi za kampuni zikapigwa mawe mara mbili.

"Saa?" Mpelelezi aliuliza.

"Kifaa kinajiandikia. Simu imeanza saa nne na dakika kumi na nne. Imekwisha saa nne na dakika kumi na nane."

Bawabu alikuwa ameukuta mwili saa nne na dakika ishirini na tano, alipotoka kwenye chumba cha pampu. Koplo, aliyekuwa ameegemea kabati la vitabu, aliandika saa zote tatu kwenye kiganja chake. Daftari alikuwa nalo mfukoni, lakini alikuwa na tabia zake.

"Na ukurasa?" Mpelelezi aliendelea. "Ulisema kwenye simu kwamba kuna jambo kuhusu ukurasa."

Mwanamke alivuta kapu la taka kutoka chini ya meza. Halikuwa limemwagwa tangu siku ile. Akatoa karatasi zilizofinyangwa, akazinyoosha moja moja juu ya meza. Zilikuwa kumi na moja. Zote zilikuwa na mwandiko mmoja mwembamba, na kila moja ilikuwa na sentensi moja tu iliyokatwakatwa. Ya mwisho kingo zake ziliingiana sawasawa na mabaki yaliyobaki kwenye uzi wa daftari.

"Hakuna aliyeiba. Aliunyofoa mwenyewe asubuhi ile kabla ya kwenda. Alikuwa hajaridhika nao."

Mpelelezi alisoma. *Vipimo havionyeshi madhara.* Imekatwa. *Vipimo haviwezi kuonyesha madhara ya aina hii.* Imekatwa. *Kutokana na vipimo hivi, mzazi hawezi kuambiwa kwamba,* na hapo kalamu ilikuwa imeacha.

"Kwamba nini?"

"Ndiyo hapo alipokwama."

"Wewe unaweza kuniambia? Ni mnara au si mnara?"

Mwanamke alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Afande, mionzi ile ni dhaifu. Iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa zaidi ya mara mia. Lakini kiwango chenyewe kilipimwa kwa joto, kwamba mwili usipate moto. Mambo mengine, ya kukaa karibu miaka na miaka, utafiti mwingi hauoni kitu, mchache unaona kitu kidogo, na ukiurudia huo mchache, wakati mwingine kile kitu hakipo tena."

"Na watoto wanne?"

"Kwa mtaa ule, ungetarajia mmoja, au hata asiwepo. Wamekuwa wanne." Alirudisha miwani. "Ukimwaga mchele sakafuni, punje hazikai kwa mpangilio. Kuna mahali zinarundikana bila kurundikwa na mtu. Na kuna mahali zinarundikana kwa sababu sakafu ina shimo. Kwa punje nne, siwezi kukuambia naangalia bahati au naangalia shimo. Yeye pia hakuweza. Ndiyo maana alikuwa hapati usingizi."

Koplo aliguna. "Wiki sita, vifaa vyote hivi, na jibu ni hatujui."

"Ndiyo," mwanamke alisema. "Unafikiri ni rahisi kulisema?"

*

Rejista ya bawabu ilionyesha kwamba asubuhi ile walipanda watu watatu tu: Profesa, Mhandisi wa kampuni, na baba wa mmoja wa wale watoto, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Mhandisi alikuwa amegombana na Profesa kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya nne. Kwa siku nane jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye ubao wa kituo.

Walimkuta ofisini, nyuma ya dirisha lililozibwa kwa mbao baada ya mawe. Hakusimama kuwasalimia.

"Tena?"

"Tena," Mpelelezi alisema, akavuta kiti. "Ulitoka juu ya paa saa ngapi?"

"Nimeshasema. Saa nne kamili. Niliaga bawabu, nikaingia kwenye gari."

"Una simu ngapi?"

"Mbili."

"Ulikuwa nazo juu?"

"Yule mzee angenirusha mimi," Mhandisi alisema, kisha akasikia alichosema, akashusha macho. "Niliziacha chini. Kila mtu alikuwa anaziacha chini."

"Mligombania nini?"

"Neno moja. Nilimwomba aandike salama. Herufi sita. Akasema hawezi, atasema tu kwamba iko chini ya kiwango. Nikamwambia, mzee, watu hawaelewi kiwango, watu wanaelewa salama. Akaniambia, basi wewe liandike uweke sahihi yako." Alijishika paji la uso. "Afande, fikiria kidogo. Vipimo vyake vilikuwa vinatufaa sisi. Sisi ndio tuliokuwa tunamtaka hai."

Koplo alikuwa amekwisha kwenda getini kuangalia kamera. Alirudi, akainama sikioni mwa Mpelelezi. Gari la Mhandisi lilikuwa limeingia saa nne na dakika kumi na moja. Dakika mbili baadaye kamera ya ukumbi ilimwonyesha akiingia kwenye mkutano wa watu wanane. Alitoka saa tano na nusu.

Mpelelezi alifunga faili. Mhandisi aliona, akajua ameachiwa, lakini uso wake haukulegea.

"Naweza kukuambia kitu kisichohusika?"

"Sema."

"Mwanangu wa pili alikuwa anasoma shule ile. Muhula uliopita mama yake alitaka tumhamishe. Mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku kwamba mnara hauna neno. Kwenye mikutano, kwenye redio." Aliangalia mbao za dirishani. "Nilisaini fomu ya uhamisho bila hata kubishana."

Nje, Koplo alisubiri hadi wafike kwenye gari. "Basi tumerudi sifuri. Simu ya nani, sasa? Maana Fundi Saa simu hana. Wazazi wote wa kamati walizivunja mkutanoni. Yake aliiponda kwa nyundo mbele ya watu, nilikuwepo."

"Soma maelezo yake."

Koplo alifungua faili. Fundi Saa alikuwa amejileta mwenyewe kituoni siku ile ile, kabla ya kuitwa, na kila mtu alimsifu kwa hilo. "Nilipanda baada ya Mhandisi kushuka. Nilizungumza na Profesa dakika tano. Nilishuka saa nne na dakika saba, nikaenda hospitali kumwona binti yangu."

"Binti yake yuko wodini tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Sasa daktari akitaka kumpata usiku au mchana, anamtafuta kwa njiwa?"

Koplo alifunga faili. Kisha akawasha gari.

*

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na viwili na dirisha moja lililofunguka. Kitanda namba saba kilikuwa kimetandikwa upya, hakina mtu. Muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye soksi nyeupe, aliwatolea daftari la simu zinazopigwa kutoka wodini. Walikuwa wanaandika kila simu, alisema, kwa sababu wazazi wengine hudai hawakuambiwa.

Kidole chake kilishuka kwenye safu ya Jumanne. *Saa 4:14. Baba wa kitanda 7. Amepatikana. Ameambiwa.*

"Namba hii alikupa lini?"

"Siku ya kwanza. Akanisihi nisimwambie mtu. Alisema watu wa kamati wakijua watamwona msaliti. Simu yenyewe ndogo, anaifunga kwenye kitambaa, anaiweka kwenye kopo la vipuri vya saa."

"Ulimwambia nini siku hiyo?"

Muuguzi alilifunga daftari taratibu. "Kwamba daktari anataka waje wamchukue mtoto, wamrudishe nyumbani."

"Amepona?" Koplo aliuliza.

Muuguzi alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo la watu wazima. "Mwanangu, huwa tunawarudisha nyumbani kwa sababu mbili. Damu yake ilikuwa imekataa dawa zote. Nilitaka kumwambia ana kwa ana, lakini aling'ang'ania simuni: niambie sasa, niambie sasa. Nikamwambia. Dakika nne nzima. Nyingi zilikuwa za kimya tu."

Mpelelezi alinakili mstari ule, akamwomba muuguzi atie sahihi. Muuguzi alisaini. Sasa alikuwa ameelewa wanatafuta nini.

"Wana wiki moja na yule mtoto, Afande. Pengine pungufu."

Kutoka kwenye korido Mpelelezi alimpigia mkuu wa kituo. Alieleza yote, kisha akaomba siku saba, na mtu wa kukaa mlangoni kwa Fundi Saa. Mkuu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama anajua ofisi za kampuni zimechomwa mchana huo. Akauliza kama anajua mlinzi wa zamu ana majeraha. Kisha akasema mtaa mzima unaamini Profesa ameuawa na kampuni, na kila saa inayopita bila mtu kukamatwa ni mtu mwingine kuumia.

"Leo," alisema. "Kabla ya saa kumi na mbili."

Mkuu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomfanya Mpelelezi akate simu bila kuaga.

*

Fundi Saa alikuwa kwenye meza yake ya kazi, karibu na dirisha, lenzi jichoni. Nyumba ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Alimwona Mpelelezi, akamwona Koplo nyuma yake, akatoa lenzi na kuiweka kwenye kisahani.

"Karibuni. Semeni polepole, mtoto kasinzia."

Mpelelezi hakukaa. "Maelezo yako yanasema ulishuka saa nne na dakika saba."

"Ndiyo."

"Saa nne na dakika kumi na nne ulipokea simu kutoka wodini. Kifaa cha Profesa kiliiona. Ilikuwa hatua moja kutoka kilipo."

Fundi Saa alichukua kopo dogo, akalifungua, akatoa kitambaa, akakiweka mezani bila kukifungua. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na safi.

"Una haki ya kunyamaza," Mpelelezi alisema. "Utakachosema kitaandikwa."

"Nimenyamaza siku tisa, Afande. Nimechoka." Alitazama pazia, akashusha sauti. "Nilikuwa na swali moja tu. Ni huu mnara, au siyo? Akasema vipimo viko chini sana. Nikasema, basi siyo mnara. Akasema, hilo nalo siwezi kulisema. Nikasema, basi ni mnara. Akasema hana ushahidi. Sasa mimi ni mtu wa saa. Saa ikisimama, kuna kitu kimeisimamisha. Nywele, vumbi, kutu. Nafungua, nakiona. Sijawahi kumwambia mteja kwamba saa yako imesimama tu."

"Halafu simu ikaita."

"Ikaita. Yeye akasikia yote, tulikuwa tumesimama karibu. Nilipomaliza akaja akanishika bega. Akasema, pole sana ndugu yangu, natamani ningejua." Alipumua. "Angenidanganya tu, Afande. Angesema ni mnara. Angesema siyo. Lolote. Ningelichukua. Nikamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Ule ukuta wa ukingo unaishia hapa." Aliweka kiganja juu kidogo ya goti. "Hakupiga hata kelele."

Koplo alikuwa anaandika, safari hii kwenye daftari.

"Wewe umesoma kila kitu," Fundi Saa alisema. "Umeongea na wasomi, umeongea na kampuni. Huna upande. Niambie wewe. Ni mnara?"

Juu ya meza saa saba au nane zilikuwa zinatembea, hakuna iliyolingana na mwenzake.

"Sijui," Mpelelezi alisema.

Koplo alisogea hatua moja mbele. Fundi Saa hakusimama. Alimwangalia Mpelelezi, akatikisa kichwa, kama mtu aliyekwenda duka la mwisho na kukuta nalo limefungwa.

"Na mahakama? Hakimu atasema?"

"Hakimu ataulizwa juu ya Profesa tu. Nani alimsukuma."

"Hilo si nimeshakuambia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hakuna atakayeulizwa juu ya mwanangu."

Kabla hajajibiwa, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya pazia, ya kuchoka lakini ya kawaida, ya mtu aliye katikati ya kazi. "Baba Chiriku, njoo uniinulie mtoto. Shuka limelowa tena."

Chiriku lilikuwa jina walilompa binti yao alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu alikuwa haishiwi na maneno. Sasa alikuwa na minane.

Fundi Saa alisimama. Akapiga hatua moja kuelekea kwenye pazia, akasimama hapo. Alirudi nyuma.

"Siwezi," alinong'ona. "Nikimshika sitamwachia. Mtanivuta mbele yake. Afande, nakuomba, nitoe sasa hivi." Akanyoosha mikono.

Mpelelezi alimpa Koplo ishara. Pingu zilifungwa bila mlio, kwa kuwa Koplo alizifunika kwa kiganja. Koplo akatoka naye. Mlango ulirudishwa polepole.

"Baba Chiriku?"

Mpelelezi alifungua pazia. Mke wa Fundi Saa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, shuka safi begani, mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto. Hakushtuka kumwona. Macho yake yalikuwa mekundu, wekundu wa siku nyingi, si wa leo. Mpelelezi alielewa kwamba pazia lile halikuzuia neno hata moja.

"Shika hapa mgongoni, dada," mama alisema. "Si mikono. Mikono inamuuma."

Mpelelezi alipitisha mikono yake chini ya mgongo na chini ya magoti, akainua. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa mtoto wa miaka minane, akamwinua kwa nguvu kupita kiasi, na karibu apepesuke. Hapakuwa na uzito. Palikuwa na joto, harufu ya dawa, na mifupa iliyokuwa inapumua. Mtoto alifumbua macho, akautazama uso asioujua.

"Baba yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," mama alijibu, akilivuta shuka lililolowa. Alilikunja, akalitupa kwenye beseni, akatandaza lile jingine na kulipapasa hadi mikunjo yote ikaisha. Alifanya hivyo kwa makini, pembe moja baada ya nyingine. Kisha akabaki ameinama hivyo hivyo, viganja vyake juu ya kitanda.

Nje injini ya gari la polisi iliwaka, ikangoja.

"Namgeuza kila baada ya saa mbili," alisema bila kuinua kichwa. "Mgongo wangu haumwezi. Jioni nani ataniinulia?"

Mpelelezi alikuwa bado amemshika mtoto.